Swali Lenu la Sita Limeigawa Karakana Yetu

Kwa Wakili Mkuu,
Kampuni ya Mawakili wa Biashara,
Ghorofa ya juu kabisa, mlango wa kioo.

Ndugu Wakili Mkuu,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA FOMU YENU YA MAFUNZO, HASA SWALI LA SITA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na lifti yenu. Mimi ni fundi seremala, baba wa binti aliyehitimu sheria na kuomba nafasi ya mafunzo ofisini kwenu. Mtaani wanamwita Wakili tangu utotoni, kwa sababu hakuwahi kupokea adhabu yangu bila kukata rufaa kwa mama yake. Hiyo nafasi ameitamani mpaka analala na fomu yenu kwenye simu. Najua mna shughuli nyingi, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti katika shauri hili ni mimi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Swali lenu la kwanza linamtaka mwombaji aeleze kwa nini anaipenda kampuni yenu kuliko nyingine zote. Nilipochungulia nikaona kampuni nyingine nazo zinauliza hivyohivyo. Binti yangu amelazimika kuiapia kila moja kwamba ndiyo pekee iliyo moyoni mwake. Hapa mtaani alikuwepo kinyozi aliyewaambia hivyo wanawake kadhaa kwa mpigo. Siku hizi hanyoi tena hapa mtaani.

2. Mnataka anayekuja kujifunza kazi awe ameshaifanya. Sikubisha. Nikampa binti kazi ya kuandika mikataba ya karakana, na wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja aliyetaka kitanda. Binti akaandika kurasa kibao, pamoja na kifungu kuhusu vita, mafuriko na tetemeko la ardhi. Yule mama akasoma, akauliza hicho ni kitanda cha aina gani, akaenda zake kununua godoro na kulitandika chini. Hilo nawasamehe. Linalofuata siwasamehe.

3. Swali la sita linasema: eleza ugomvi uliowahi kuusuluhisha, hatua ulizochukua na matokeo yake. Binti alikaa mbele ya swali hilo mpaka chai ikaganda utando. Kwetu hakuna ugomvi, mheshimiwa. Mimi na mdogo wangu tumerithi karakana moja kutoka kwa marehemu baba, meza moja ya kurandia na jiliwa moja, kile chuma cha kubania ubao mezani, na hatujawahi kugombania hata msumari. Mdogo wangu mtaani wanamwita Kesho, maana ndilo jibu lake kwa kila mteja, lakini ni mtu mwema. Binti akaanza kulia. Mama yake akashauri abuni kisa chochote. Nikakataa katakata. Mimi sikubali uongo uingie kwenye fomu.

Basi, ili binti aandike ukweli, tukakubaliana mimi na Kesho tugombane kweli. Mama watoto alisema wazi kuwa hizo ni akili za kuku, hatukumsikiliza. Tulipanga Kesho adai jiliwa ni lake, mimi nikatae, binti atusuluhishe, kisha tule.

Alianza vizuri. Halafu, kwa kunogesha, akaongeza kwamba baba alimwachia yeye lile jiliwa kwa kuwa mimi sina mkono wa useremala. Hilo halikuwemo kwenye makubaliano. Nikamjibu kwamba mtu anayeitwa Kesho asizungumzie mikono ya wenzake. Naye akalitaja kabati la mwalimu mkuu, lile ambalo milango yake haifungi. Mheshimiwa, miaka yote hiyo nilidhani hajaliona.

Hapo binti akaingia na karatasi yake ya hatua. Hatua ya kwanza ilisema kila upande uachwe useme yote bila kukatizwa. Huo ndio ulikuwa mwisho wetu, kwa sababu mpaka hapo kila mmoja alikuwa amesema nusu tu.

4. Matokeo, kwa kuwa mliyauliza: Kesho alilifungua jiliwa akaondoka nalo. Mimi nina meza isiyobana, yeye ana jiliwa lisilo na meza, anabana mbao kwa magoti. Viti vyote vinavyotoka humu sasa vinacheza. Tumepiga mstari wa chaki katikati ya karakana. Mlango umeangukia upande wake, dirisha upande wangu. Kwa umri huu, na kitambi hiki, mimi naingia kazini kwa dirishani, wateja wakitazama.

5. Binti aliyaandika yote hayo bila kupunguza. Mkamjibu kwa ujumbe wa kumshukuru, kwamba waombaji walikuwa wengi, na mnamtakia kila la heri. Kuhusu sisi, kimya! Mliagiza ugomvi, mkaletewa ugomvi safi, mkaukataa na kutuachia wenyewe. Hata mimi mteja akileta mbao zake, vipande vinavyobaki namrudishia.

6. Hili nalisema bila mzaha. Namhitaji mdogo wangu. Juzi nilikuwa nashikiza mguu wa meza, nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama nilivyozoea, anipe nyundo. Mkono ukabaki hewani. Nikaurudisha taratibu, nikajifanya najikuna. Inaniuma, na binti anaona, na anadhani kosa ni lake.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya haya. Ama mumchukue binti yangu mara moja, mumfundishe kuumaliza ugomvi ambao ofisi yenu ndiyo iliyouagiza. Ama wewe mwenyewe uje karakana kutusuluhisha. Utaingia kwa mlango wa Kesho na kutoka kwa dirisha langu, isionekane umependelea. Kama yote hayo hayawezekani, futeni swali la sita. Mnamwona mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya amani kuwa hana uzoefu, na mimi nadhani huo ndio uzoefu wenyewe.

Nisalimie wote hapo: dada wa mapokezi, mlinzi aliyekataa kunipandisha ghorofani nikiwa na randa mkononi, watu wa chai, na hiyo kompyuta iliyotutakia kila la heri.

Wako, mwenye meza isiyo na jiliwa,
Fundi seremala, baba wa mwombaji.

Nyongeza, bahasha ikiwa bado wazi: Mama watoto alisema si haki kupeleka mashtaka ambayo mshtakiwa hajayasoma, nikampitishia Kesho barua juu ya mstari wa chaki. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akicheka peke yake kwenye habari ya kinyozi. Alipofika kwenye habari ya nyundo akaikunja barua. Kisha akavuka chaki, nyundo mkononi. Mama watoto akapiga yowe. Kumbe alikuwa ananiletea.

Tulikuwa bado tumeshikana mabegani, tukilia kama mazuzu, binti alipoingia mbio. Kampuni nyingine ya mawakili imempa nafasi, anaanza Jumatatu. Fomu yao ilimtaka aeleze jambo aliloshindwa na alichojifunza. Alitueleza sisi. Walimwambia hawajawahi kusoma kushindwa kulikokamilika namna ile.

Sasa, kwenye fomu hiyo ameandika kwamba baba yake na baba yake mdogo hawasemezani. Na mimi, kama nilivyokwisha sema, sikubali uongo uingie kwenye fomu. Kwa hiyo mimi na Kesho tumepatana kwamba tutaendelea kununiana hadharani mpaka mtoto amalize mafunzo. Chaki tumeipiga upya, dirisha nalipanda kama kawaida, na jiliwa tumelirudisha mezani ila tumelifunika gunia. Maombi yangu yote yafuteni. Na tafadhali sana, asije mtu yeyote kutupatanisha. Mtamharibia mtoto kazi.