Himaya ya Anselmi na Ngoto ya Kuku

Jumapili, 3 Agosti 2025

Seva inafanya kazi. Taarifa hiyo imetolewa jioni hii na Nasibu, fundi pikipiki wa Kisaki, mtu wa kwanza kuingia. Maneno yake kamili: "Mbona giza, umeme umekatika huko?" Nikamweleza kwamba mchezo una usiku na mchana wake. Akasema sawa, atasubiri kuche. Tukasubiri wote, yeye Kisaki, kule mbugani, mimi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Kisha jua likachomoza, jua la pembe nne, na nikamwona Nasibu amesimama kwenye majani ananipungia mkono.

Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya mwalimu wetu. Nimeripoti mafuriko, chaguzi na moto wa sokoni, na sikuwahi kukosa la kuandika. Leo nilikaa nikamtazama tu.

Kwa kumbukumbu. Seva ni kompyuta ya zamani ya steshenari ya mke wangu, Magdalena. Ipo stoo, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndani yake kuna dunia nzima ya mchezo wa kujenga kwa matofali. Rafiki yeyote niliyempa anwani anaingia kwa simu au kompyuta, analima, anachimba, anajenga. Anachojenga kinabaki, hata akitoka kwenda kulala.

Jana ilishindikana. Niliwatumia marafiki anwani, nikakaa kuwapokea, hakuja mtu. Nikahitimisha kuwa ni hujuma ya Mwinjuma. Rehema, niliyesoma naye sekondari, sasa mwalimu wa jiografia hapa hapa Bigwa, akasema anwani niliyotuma inafanya kazi ndani ya nyumba yangu tu. Ni sawa na kumwelekeza mgeni "chumba cha pili kushoto" bila kumtajia hata mtaa. Nimerekebisha. Mwinjuma bado namshuku.

Mwinjuma naye tulisoma darasa moja. Ana duka la michezo ya kompyuta Mji Mpya, na seva iliyojaa vijana. Aliwahi kunikaribisha humo. Kama mgeni!

Miaka yote naandika ya wengine. Nani kafungua, nani kazindua, nani kajenga. Kitu pekee chenye jina langu ni kitambulisho cha uandishi, nacho kimeisha muda. Dunia hii nimeiita Himaya ya Anselmi. Bango nimelisimika mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Rehema ameanza kuinua mlima. Anasema ardhi tambarare inamchosha macho. Anaweka jiwe juu ya jiwe kwa kufuata ramani aliyoibandika ukutani kwake, na tayari mgongo wa Uluguru unatambulika. Nilitoka uani kulinganisha. Mlima halisi ulikuwa umejifunika ukungu. Nikarudi stoo kuutazama wa Rehema.

Nikaona hatari. Watu wanajenga vizuri mno kwenye ardhi yangu. Wakizoea, watasahau ni ya nani.

Nimetoa tangazo kwenye kundi la simu la darasa letu. Kwamba katika Himaya itafuatwa mila ya milimani. Kwetu, anayelima ardhi ya ukoo usio wake humpelekea mwenye ardhi ngoto: kuku, au sehemu ya mavuno. Si kodi. Ni kukiri kwamba ardhi ina mwenyewe. Kila anayejenga atanipelekea kuku mmoja ikulu, yaani nyumba niliyojijengea nyuma ya bango.

Nasibu aliuliza mwenyewe ni nani. Nikajibu kuwa ni mimi. Akasema, "Poa, chifu," akaja na kuku. Neno hilo "chifu" nimeliandika kama lilivyotamkwa. Sikuuliza kama ni dhihaka.

Rehema, ambaye wazazi wake walitoka Tanga kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, alisema kwao hakuna anayedaiwa kuku kwa jiwe alilolibeba mwenyewe. Hata hivyo alileta. Kuku wake amempa jina, Mheshimiwa, na jina linaelea juu ya kichwa chake kila aendako.

Magdalena alipita stoo kuchukua unga. Akaniuliza, Baba Elia, hao kuku ni wa nani. Nikamwambia wangu. Akasema haya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nilipangiwa viwanja vya maonyesho, banda la ng'ombe. Nikiwa hapo nikafungua simu kidogo.

Nasibu amejenga reli. Inaanza Kisaki, mbele ya banda lake la pikipiki, ambalo nalo amelijenga pamoja na rundo la tairi. Inapita mbuga, inavuka mto, inaingia mlimani. Reli hiyo haipo. Reli inayopita Kisaki inaelekea kwingine kabisa. Kutoka kwake kuja mjini ni safari ndefu ya vumbi, na masika hata vumbi hakuna, ni matope tu. Ndiyo maana haonekani harusini, ndiyo maana kwenye mazishi ya mwalimu alifika watu wanatawanyika.

Nilipanda. Kibehewa kikakimbia kati ya majani marefu, twiga wa matofali wamesimama pembeni. Kikaingia kwenye handaki. Giza, taa moja moja. Kisha kikachomoka upande wa pili, juu kabisa, na chini yangu palikuwa Kinole, kijiji cha milimani: matuta ya mashamba yameshuka kama ngazi, michungwa, mabati ya nyumba, moshi wa jiko. Rehema alikuwa amefika huko kwa mawe yake, Nasibu amefika kwa reli yake, wakakutana. Hakuna aliyeniambia. Sina tabia ya kupamba maneno. Naandika tu kwamba fahali wa maonyesho alikula ukurasa wangu wa maelezo bila mimi kugundua.

Mhariri akapiga kuuliza habari ya ng'ombe. Nikamwambia nipo kwenye treni. Akauliza treni gani. Nikakata.

Jioni nimechukua hatua. Ngoto sasa ni kuku mmoja kwa kila stesheni, na mmoja kwa kila kilele. Nasibu ana stesheni nyingi. Kuku wote wapo ua wa ikulu. Nimegundua pia kwamba ukiwalisha mbegu wanazaana. Nimewalisha.

Jumapili, 10 Agosti

Mambo yameharibika.

Treni zinaruka kama chura. Unapiga jiwe, linavunjika baada ya kupita muda wa kunywa chai. Nasibu alikuwa juu ya daraja, dunia ikasimama, ilipoendelea tayari yuko mtoni. Alitoka majini akitukana kwa adabu, maana Rehema alikuwa anasikia.

Rehema amechunguza. Anasema ni kuku. Kompyuta inalazimika kumfikiria kila mmoja: akanyage wapi, atage lini, ageuke upande gani. Imebaki kuwaza kuku mpaka imesahau treni. Ushauri wake ni wachinjwe leo leo.

Nimekataa. Mlima ni wa Rehema, reli ni ya Nasibu, kila mtu anajua. Mimi nina kuku tu wa kuonyesha kwamba vyote viko kwangu. Nikichinja, nitabaki mtu aliyesimika bango tu.

Mwinjuma, ambaye hajaalikwa ila yumo kwenye kundi kwa sababu kundi ni lake, ameandika kwamba kwake kuna nafasi na hakuna mifugo. Ametaka pia kufahamishwa: kompyuta ya himaya ni ya nani, na ipo nyumbani kwa nani?

Nilijibu kwa ukweli, kama kazi yangu inavyodai. Kompyuta ni ya Magdalena. Nyumba ipo kwenye kiwanja cha ukoo wa mama yake Magdalena, maana kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama. Lakini wazo ni langu.

Kisha Nasibu akaandika: "Chifu, samahani. Kwa ile mila uliyotutangazia Jumanne, wewe hapo si mkwe?"

Rehema aliweka alama ya kucheka. Nimeihesabu kuwa ni utovu wa nidhamu.

Jumatano, 13 Agosti

Kompyuta imezima. Feni ilipiga kelele tangu asubuhi, adhuhuri ikakoma. Treni ya mwisho ya Nasibu imo ndani ya handaki.

Nasibu amepiga simu. Hakutania, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema haoni kosa kupeleka kuku, amekulia kwenye mila hiyo hiyo. Ila akihamia kwa Mwinjuma itabidi aanze reli upya kutoka tofali la kwanza, na hana uhakika kama moyo huo anao. Alisema tangu aijenge, kila jioni anafunga banda, anapanda, anafika Kinole, anapunga mkono, anarudi. Akataka kujua kama himaya itapona au haitapona.

Nilimwahidi taarifa.

Mchana huo huo amefika mama mkwe, Mama Paskalia, kutoka Kinole, kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa hapo Ijumaa. Nilitoa shikamoo, nikajaribu kumpitisha mbali na stoo. Magdalena akamweleza yote kabla hajavua kanga ya safari. Nasibu alikuwa bado hewani, simu juu ya meza, sauti imefunguliwa.

Mama Paskalia hakutaka kujua seva ni nini. Aliuliza kitu hicho kimekaa wapi. Nikasema juu ya ndoo. Ndoo iko wapi? Stoo. Stoo iko kwa nani?

Nikaanza kueleza kuhusu wazo.

Akasema, "Mkwe, wazo halikai hewani. Limekaa kwenye ndoo yetu."

Nasibu alisikika akikohoa. Uamuzi: ngoto yote ni ya Magdalena, tangu kuku wa kwanza. Mimi ninakaa kwa wakwe, kwa hiyo hata ikulu imejengwa kwa ruhusa, na ruhusa sikuomba. Akaongeza kwamba kuku wengi hivyo hawafugwi karibu na mboga, hata katika kompyuta.

Niliomba rufaa. Magdalena alisema rufaa inasikilizwa na mjomba wake, ambaye ni kaka wa Mama Paskalia, na anakuja Krismasi.

Alhamisi, 14 Agosti

Magdalena ameifungua kompyuta, akaipuliza vumbi, akaihamishia dirishani penye hewa. Ikawaka. Akaingia himayani kwa mara ya kwanza, kama mwenye ardhi. Nilimwonyesha kitufe cha upanga. Hakuhitaji cha pili. Alipita ua wa ikulu kama mtu anayechinjia kipaimara cha parokia nzima. Alimwacha mmoja, Mheshimiwa, kwa sababu Rehema aliomba.

Treni ya Nasibu ikatoka handakini.

Naandika kilichofuata kwa mpangilio. Mama Paskalia alivutiwa kiti. Magdalena akampandisha kwenye kibehewa pale Bigwa, stesheni ambayo Nasibu ameiweka mbele ya nyumba hii hii. Mama akashika meza kwa mikono miwili. Kibehewa kikaanza kupanda mlima. Alipoona michungwa alisogea. Alipoona kona ya njia ya parokiani aliitaja kwa jina. Alitaja nyumba moja baada ya nyingine, na wenye nyumba, waliopo na waliofariki. Rehema alikuwa akisikiliza kwenye simu. Kinole aliijenga kwa ramani na kwa matembezi ya mara moja na wanafunzi. Hakujua amejenga ya nani.

Kisha Mama akasema chemchemi haiko pale. Iko upande jua linakozama, chini ya jiwe lililoegemea.

Rehema akaingia. Akachimba alipoelekezwa. Kulia kidogo, mwanangu. Juu kidogo. Hapo. Akaegemeza jiwe, akafungua maji, na maji yakashuka kwa mfereji mwembamba toka kilele mpaka matuta ya chini, yakipita kila shamba. Kwenye daraja, mtu mdogo wa matofali alikuwa amesimama anapunga mkono. Nasibu. Mama Paskalia akampungia, mkono wake ukigusa kioo.

Dirishani, nyuma ya kompyuta, Uluguru wenyewe ulikuwa umefunguka wote, bila wingu. Nilitazama huu, nikatazama ule. Nimeshindwa kusema upi ulinishangaza zaidi, na kushindwa huko sijakuzoea.

Bango limeng'olewa. Jipya linasema Kwa Mama Elia. Nimegawiwa kiwanja karibu na bwawa. Nitaleta kuku mavuno yakiiva.

Ijumaa, 15 Agosti

Kupalizwa. Misa ndefu, pilau nzuri. Nimepata muda wa kutafakari na nimeona kosa lilipokuwa. Kosa lilikuwa kompyuta. Ilikuwa dhaifu.

Wakati wanawake wakiosha vyombo nimenakili dunia yote kwenye flashi: mlima, reli, chemchemi, bwawa. Imo mfukoni mwangu. Dunia nzima, na haizidi uzito wa kifungo cha shati. Nimeitoa mara kadhaa kuitazama.

Mwinjuma amethibitisha kwa simu kwamba atanipa nafasi kwenye seva yake. Ana mashine kubwa, feni nyingi. Nitakuwa mwanzilishi, na bango litakuwa langu. Nilimuuliza mara mbili kama kompyuta ni yake mwenyewe. Ni yake. Safari hii nimefanya uchunguzi.

Duka lipo barazani, kwenye nyumba ya mama yake, Mluguru wa Mkuyuni. Mwinjuma amesema ingekuwa vizuri nikamsalimie mama kwanza kabla ya kuwasha chochote. Nimeuliza kama kuna kitu cha kupeleka. Amesema mama hana makuu, chochote cha shambani kitafaa, hata kuku.

Tunakutana kesho, Jumamosi, tarehe 16 Agosti, saa nne asubuhi.