Mashine Isiyo na Wakwe

Kijenge, Arusha
14 Oktoba

Mkurugenzi wa Ubunifu wa Dunia Nzima,
Kampuni ya Kahawa ya Brandelius,
Makao Makuu, Ulaya.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MASHINE YA KUONJA KAHAWA, NA OMBI LA KUITAFUTIA WAKWE

Salaam nyingi kutoka Arusha. Sisi ni wazima, mvua za vuli zinasitasita, na kahawa ya mlimani inaendelea kuiva. Waraka wenu wa Agosti ulisema kila mfanyakazi katika nchi zote kumi na tisa aandike maoni yake kwa lugha inayomtoka moyoni, kisha mfumo utatafsiri. Nami nimeona nisiupe mfumo kazi nyepesi.

Jina langu ni Fanuel Issangya. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa Mwonjaji Mkuu wa tawi la Arusha. Kazi yangu ni kunusa kikombe, kufyonza kahawa kwa kijiko, kuizungusha mdomoni, kuitema kwenye kopo na kuipa alama kati ya mia. Mwezi Julai mlituletea mashine inayofanya yote hayo isipokuwa kutema. Kwenye sanduku lake pameandikwa jina refu lenye namba. Sisi tunaiita Pua. Kuanzia tarehe mosi Novemba, Pua itakuwa Mwonjaji Mkuu na mimi nitakuwa Balozi wa Mabadiliko, cheo ambacho mpaka sasa kimekuja na fulana moja, saizi ya mtoto. Hilo la cheo ningelimeza. Kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba Pua imenivunjia heshima ukweni, na mimi sina ukwe mwingine. Naomba kueleza kwa mpangilio.

1. Pua haisalimii. Mkulima wa Nkoaranga, kijiji cha huko mlimani, anashuka na gunia begani kwenye njia inayoteleza. Akifika anastahili kuulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, na za yule mgonjwa aliyelazwa juma lililopita. Mimi nilikuwa nikiuliza hayo yote huku maji yakichemka, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Ripoti yenu imeyaita maongezi hayo "dakika zisizo na tija", na inajisifu kwamba Pua imeokoa saa mia moja na arobaini. Naomba kujua saa hizo zimehifadhiwa wapi, maana hapa tawini hatujaziona.

2. Ubunifu umezidi kazi. Tumefanyiwa semina ya siku tatu hotelini, tukabandika vikaratasi vya njano ukutani mpaka ukuta ukaisha. Mtaalamu mliyemtuma alitufundisha tushindwe mapema, tushindwe mara nyingi, na tushindwe kwa furaha. Calvin wa stoo alimsikiliza kwa makini. Wiki hiyo hiyo akashindwa kufunga dirisha, mvua ikalowesha magunia tisa, na akapewa barua ya onyo. Sasa hatujui ni kushindwa kupi kunakotakiwa. Isitoshe, kila tawi linatakiwa kuleta mambo mapya mawili kila robo mwaka. Septemba tulikuwa tumeishiwa kabisa, tukahamisha bomba la kunawia kutoka kushoto kwenda kulia, na mkatutumia cheti. Robo inayokuja tutalirudisha kushoto. Naomba cheti kiandaliwe.

3. Pua haina staha, na hapa ndipo penye kidonda. Baba mkwe wangu, Mzee Solomoni, baba yake mke wangu Ndeshi, ana migomba na kahawa kidogo kule Nkoaranga. Kahawa yake anaianika chini, kwenye turubai, ubavuni mwa banda la mbuzi. Wewe ni mtu mwenye elimu, sina haja ya kukueleza mbuzi. Lakini kwetu mtu hasimami mbele ya watu akasema cha mkwewe kina kasoro. Ukipewa ndizi zilizoungua ukweni, unakula na kuomba nyongeza. Kwa hiyo kila msimu, kwa miaka ishirini na miwili, nimeipa kahawa ya mzee alama themanini. Ni magunia mawili tu, nami niliyachanganya na mia mbili mengine, na hakuna aliyedhurika. Mwaka mmoja mnunuzi wenu wa huko aliandika kuisifu kwa "harufu ya porini" na akauliza tumeipataje.

Tarehe tatu mwezi huu, Bibi Agnela, Meneja wenu wa Ubunifu wa Kanda, aliipeleka Pua kwenye kituo cha kupokelea kahawa Nkoaranga ili wakulima waione. Bibi Agnela ni mtu wa Marangu, ana adabu zake, simlaumu. Pua ilinusa kikombe cha mzee kwa sekunde arobaini, kisha kwenye kioo kilichounganishwa nayo, kipana kama ubao wa shule, ikatokea 58 kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa Kiswahili safi: HARUFU YA MBUZI. Walikuwepo wakulima thelathini na mmoja, mwinjilisti, na shemeji zangu wawili. Kama hiyo haikutosha, ujumbe huo huo ukaingia kwenye simu za wote waliokuwepo na wasiokuwepo.

Mzee alichukua kofia yake akapanda mlima bila kuaga. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Jumapili, baada ya ibada, alimsalimia Ndeshi, akawasalimia watoto mmoja mmoja, mimi nilipotoa shikamoo akageuka kuutazama Mlima Meru, ambao siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu wala hauonekani. Mheshimiwa, niliumia. Yule mzee alinipa binti yake wakati sina hata baiskeli.

4. Pua ni mbovu, na ushahidi ninao. Madaftari ya miaka ishirini na miwili yanasema themanini. Kifaa cha miezi mitatu kinasema hamsini na nane. Kampuni ya kimataifa haiwezi kuacha kumbukumbu za miaka yote hiyo ikamwamini mgeni.

5. Mapendekezo. Kwa kuwa mmetuagiza tusilete lalamiko bila suluhisho, naleta matatu.

(a) Pua ifundishwe wakwe. Yaani yaingizwe ndani yake majina ya wakwe wa wafanyakazi wote, ili ikikutana na kahawa yao itulie kidogo, ikohoe, iandike themanini. Nimeanza na tawi letu na nimefikisha majina mia moja na kumi na manne, bila kuhesabu upande wa Calvin, ambaye mahari yake bado inajadiliwa. Mkizidisha kwa nchi kumi na tisa mtaona kwamba kazi ni kubwa, ila mtakuwa na jambo jipya la robo mwaka.

(b) Ikishindikana, Pua ioe. Nimesoma sera yenu ya utumishi ukurasa kwa ukurasa na haikatazi. Tawi la Moshi lina mashine ya kuchambua kahawa, tulivu, haijawahi kuharibika, na imetoka kiwanda kingine kabisa, kwa hiyo hakuna undugu. Aikaeli wa mapokezi amekubali kuwa mshenga. Mbege, pombe yetu ya ndizi, itapatikana. Pua ikishaoa, iletewe kahawa ya mama mkwe wake mbele ya ukoo wote, nasi tukae tuone itaandika nini kwenye kioo.

(c) Yote yakishindikana, Pua irudishwe ilikotoka, na mimi nirudishiwe kijiko changu na kopo langu.

Naamini utalitazama suala hili kwa jicho la mtu ambaye naye ana wakwe. Wasalimie wote hapo makao makuu: walinzi wa getini, wapishi wa kantini, na vijana waliounda Pua pamoja na mama zao. Ndeshi anawasalimu. Calvin anawasalimu, na anauliza kama lile onyo linaweza kuhesabiwa kama ubunifu.

Wako katika ujenzi wa kampuni,

Fanuel Issangya
Mwonjaji Mkuu (mpaka tarehe 31)

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Ndeshi ameifungua akaisoma, akapanda kwao Nkoaranga, na amerudi na habari. Mzee hajaikasirikia Pua hata kidogo. Amenikasirikia mimi. Anasema majirani zake niliwaambia ukweli, wakahamisha mbuzi, wakajenga vichanja vya kuanikia, na leo wanapata themanini na nane, ila yeye peke yake nilimwacha anuke miaka ishirini na miwili. Banda la mbuzi amelihamisha Jumanne. Kwa hiyo nayafuta malalamiko namba tatu na nne, na mapendekezo yote, pamoja na ndoa. Mzee ameialika Pua chakula cha mchana Jumapili hii baada ya ibada, anataka kuishukuru. Mimi sikualikwa. Naomba kibali cha maandishi cha kuitoa ofisini siku hiyo, kwa kuwa ina kilo kumi na nane, na lazima awepo mtu wa kuibeba.