Nusu ya Kuni Siku ya Mishumaa

Jumapili, 26 Januari

Baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sufuri. Ndevu ziliganda kati ya mlango wa kanisa na gari. Sijali. Nina mpango.

Zimebaki siku saba. Bonde letu zima linaijua sheria ya wazee: Sikukuu ya Mishumaa, tarehe mbili Februari, nusu ya kuni zako ziwe bado bandani, maana nusu ya baridi iko njiani. Aliyepungukiwa huchekwa mpaka viazi vichimbwe. Ila mwaka huu kwangu si kicheko tu. Lorette, mke wangu wa miaka arobaini na minne, ameapa: nusu isipofika, Jumatatu yake tunasaini fomu ya nyumba za wazee kule mjini, ambako joto limo ndani ya kodi. Anasema amechoka kulala na kofia. Fomu ameiweka juu ya friji, niione kila nikifuata siagi.

Niihame nyumba aliyoijenga baba yangu? Chumba nilimozaliwa kiko juu ya jiko hapa! Afadhali nigande.

Mwamuzi ni Alcide, kaka yake Lorette. Ni jirani yetu, amefiwa na mke, anakula kwetu kila Jumapili na kunicheka siku zote saba. Amechora mstari mwekundu ukutani mwa banda langu, katikati kabisa. Leo kuni ziko vidole vinne juu ya mstari. Vinne! Nyumba ni yangu.

Jumatatu, 27 Januari

Kazi imeanza. Watu wote hapa huzungushia msingi wa nyumba matawi ya misonobari au marobota ya mabua, upepo usipite chini ya sakafu. Mimi mwaka huu nilichelewa. (Nilikuwa na mpango mwingine, wa magazeti. Tusiuongelee.) Leo nimepata marobota arobaini ya nyasi kavu, kwa bei ya kutupa. Nimeyapanga kuizunguka nyumba yote. Mgongo umekufa.

Lorette alitoka na shali, akatazama, akasema mabua ni mabua lakini nyasi ni chakula. Nikamwambia upepo hauna meno. Akarudi ndani. Nilimshinda kwa hoja.

Jikoni pana joto kweli. Nimeweka gogo moja tu tangu saa nane. Maisha matamu!

Jumanne, 28 Januari

Kulungu.

Kumi na mmoja, nimewahesabu kupitia dirisha la choo. Wanakula ukuta wangu. Nilitoka na nguo ya kulalia na mifuniko miwili ya sufuria, nikaigonga, nikapiga kelele. Wakainua vichwa, wakanitazama, wakaendelea kutafuna. Mmoja alinisogelea kuona kama nimeleta chumvi.

Alcide akapita na gari, akasimama, akashusha kioo. Akanisalimu vizuri sana. Akauliza, eti shemeji, umefungua hoteli? Na wageni wanalala au wanakula tu? Akaniomba nimwekee nafasi ya Pasaka. Mtu mzima ovyo!

Hadi adhuhuri yalibaki marobota matatu na vinyesi vingi. Baridi ikaingia chini ya sakafu kama iliyoalikwa. Nikalazimika kuwasha moto wa nguvu. Kidole kimoja cha kuni kimekwenda. Lakini jioni nikarundika theluji palipokuwa na nyasi, na theluji haina utamu. Akili ni mali.

Alhamisi, 30 Januari

Nimegundua jambo kubwa. Nimesoma kwenye kalenda ya duka la mbegu kwamba mwili wa mtu mmoja hutoa joto sawa na balbu ya wati mia. Bure! Balbu zinazojilisha zenyewe!

Basi nikawaalika watu kumi na wanne waje kucheza karata jioni. Nikauacha moto ufe kabisa. Wakaja, wakabanana jikoni, wakabishana, wakashtakiana wizi wa karata, na kipimajoto kikaanza kupanda chenyewe. Nilisimama kando yake, karibu machozi yanitoke. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote bondeni.

Ila sikujua kwamba balbu hazijilishi. Ilipofika saa moja Lorette alisema hawezi kuwaaga wageni na njaa, watu watamsemaje. Akakoka moto kwa ajili ya ploye, chapati zetu za maji, na mchuzi wa kuku. Ploye zinataka chuma cha moto mkali. Kumi na wanne, kila mmoja nne, Alcide tisa. Jiko likanguruma saa tatu mfululizo. Kila aliyetoka kuvuta sigara aliacha mlango wazi akimalizia hadithi yake.

Walipoondoka nilikwenda bandani na tochi. Vidole viwili chini ya mstari. Niliketi juu ya ndoo nikatukana kimoyomoyo tu, kwa heshima ya Sikukuu inayokuja.

Hata hivyo karata nilishinda.

Jumamosi, 1 Februari

Vidole vitatu chini sasa. Lazima niandike ukweli: naogopa. Usiku nilimsikiliza Lorette akikoroma chini ya kofia yake, nikafikiria tukikaa mjini kwenye vyumba viwili, dirisha likitazama maegesho. Nilitamani kumwamsha nimwombe. Sikumwamsha. Nilipata wazo badala yake.

Wazee husema kuni zipangwe hivi: panya apite, paka anayemfukuza asipite. Mimi nilizipanga upya zote, kimsalaba, na mapengo manono. Paka angepita. Mbwa angepita. Kasisi angepita na mwavuli. Lakini kimo! Shubiri nzima juu ya mstari! Nilipiga hatua nyuma kuitazama kazi yangu, nikapiga chafya.

Zote zikaanguka. Nilifukiwa mpaka magotini, na kelele zilimtoa Lorette nje. Alinichomoa kwa mkono mmoja, akanipangusa theluji, akanitazama uso muda mrefu. Akauliza kama kweli naipenda nyumba hii kiasi hicho. Nikasema ndiyo. Akasema haya, mzee, ingia unywe supu.

Jumapili, 2 Februari

Siku yenyewe. Lorette alisema kifua kinambana, akabaki nyumbani. Nilikwenda kanisani kubarikisha mishumaa pamoja na Alcide, ambaye njia nzima alinipigia hesabu ya fanicha zitakazoingia kwenye vyumba viwili.

Tuliporudi tukaenda bandani, yeye na rula yake, mimi na mshumaa wangu. Nilifumba macho. Nikasikia Alcide amenyamaza. Alcide, kunyamaza!

Kuni zilikuwa zimepangwa vizuri, zimeshikana, panya ndiyo paka siyo. Na ziko vidole vinne juu ya mstari!

Alcide alizitazama sana safu za juu. Zilikuwa za gome jeupe. Kuni zangu zote ni za gome jeusi. Mwenye miti ya gome jeupe ni yeye. Akatazama alama za kigari cha kuburuta, zilizotoka uani kwake mpaka mlangoni kwetu. Akamtazama dada yake, aliyesimama mlangoni mashavu mekundu, vipande vya gome jeupe vimejaa kwenye sweta, kifua kimepona kabisa. Lorette naye akamtazama, akamwuliza kama Jumapili zijazo angependa kuendelea kula mchuzi wa kuku, au aende kuula mjini, ghorofa ya pili.

Alcide akakohoa. Akatangaza nusu imefika, tena imezidi.

Nilimkumbatia! Lorette akachukua fomu juu ya friji, akawashia nayo jiko. Akasema alikwenda kuviona vile vyumba wiki iliyopita, akamsikia jirani akikoroga chai ng'ambo ya ukuta, na jiko la pale halikaangi ploye. Akasema yeye angetaka tu mwanamume anayeweza kuweka gogo kwenye moto na kukaa chini. Sikuelewa anamsema nani.

Tulikula mpaka tukalegea. Nina furaha kuliko mfalme.

Jumatatu, 3 Februari

Nimekaa nikilitafakari jambo hili kisayansi. Jibu ni wazi: kuni zikianguka kwa kishindo kwenye baridi kali hufura, na gome hupauka kwa mshtuko. Mwaka ujao nitakata nusu tu ya kuni, kisha niziangushe mara mbili.

Masikini Alcide! Amepima zake asubuhi, hazifiki nusu. Bonde zima linamcheka. Nimemkuta anafunga kufuli kubwa kwenye banda lake, uso umevimba. Nimemhurumia. Nimemwambia kiungwana, shemeji, usimsingizie mtu wizi, kasoro yako ni mpangilio. Nimejitolea kumfundisha, bure kabisa.