Mke Wangu Mara Kumi

Jumatano, 4 Juni
Mama mkwe anakuja Jumapili. Atataka kumwona bintiye, marehemu mke wangu, na picha ninayo moja tu, ya kitambulisho, sentimita nne kwa tano. Mpiga picha alimkataza kucheka. Akacheka. Kwa macho ya mama mkwe, ni doa tu. Shemeji yangu, mshonaji, amejitolea kuichora kubwa ukutani. Nimekataa. Aliwahi kumchora dada yake, akaliziba pengo la meno. Kupitia pengo hilo mke wangu alinipigia mluzi nikipotea sokoni. Nitachora mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefukua kitabu cha jometri cha binti yetu. Kila nukta ina namba mbili, ya kando na ya juu. Zizidishe kwa kipimo cha ukuzaji, basi. Nimechagua kumi. Ukurasa wa kitovu cha ukuzaji nimeuruka, mambo ya walimu hayo. Nikazidisha namba za kando, za juu nikazisahau. Shemeji kachungulia, akasema dada yake hakuwahi kuwa sinia. Nimefuta.

Ijumaa, 6 Juni
Leo nimezidisha zote. Picha niliibandika chini ukutani, mgongo wangu hautaki makuu, nikakalia kigoda cha mke wangu. Sufuri yangu ni kona ya sakafu. Midomo iko juu sentimita 23. Mara kumi, 230. Macho 24 na nusu. Mara kumi, 245.
Dari iko 240.
Shemeji kanieleza polepole, kama anavyomweleza mteja mbishi, kwamba hata umbali wa kutoka kona umekua mara kumi. Niipandishe picha usawa wa kifua, sufuri niiweke puani, uso ukue palepale ulipo. Nimemshukuru. Sifundishwi na aliyeziba pengo.

Jumapili, 8 Juni
Mama mkwe kaketi, kainua shingo. Huko juu kuna kidevu, midomo na pengo. Mengine yameishia darini. Nikangoja kugombezwa. Akasema huyo ndiye mwanawe hasa, akicheka macho yalikuwa hayaonekani. Shemeji akaenda kuchemsha chai, akakawia huko.
Wameondoka. Nimerudia hesabu zote, ziko sawa. Kosa ni la dari. Kesho namwona seremala, aipandishe sentimita tano. Hapana, ishirini. Nywele zake hakupenda zibanwe.