Shemeji wa Televisheni

Tshimanga aliheshimu sheria moja tu maishani mwake: kuondoka kabla mji haujaizoea sura yake. Ndiyo maana alikuwa na wasiwasi asubuhi ile mjini Kindu. Treni ya kusini ilikuwa imeharibika mahali fulani huko Kibombo, hakuna aliyejua itafika lini, na yeye alikuwa akizurura mtaa wa Mikelenge katika abakosti yake, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya kahawa, huku wauza mihogo wakianza kumsalimu kama jirani.

Ndipo alipoliona duka la Sikuli. Loh! Chumvi kwa magunia, sabuni kwa makasha, vitenge vimepangwa hadi darini, sufuria zinaning'inia mlangoni. Mwenye duka alikuwa Mnande, aliyehamia kutoka Butembo na mkewe Kyakimwa na watoto wao. Watu wa mtaa walinunua chumvi yake kila siku, na kila siku waliwaita wakuyakuya, yaani watu waliokuja tu. Mteja mmoja alilitupa neno hilo mbele ya Tshimanga, kwa utani, na Tshimanga akauona uso wa Sikuli ukinywea. Akajua pa kuingilia.

"Citoyen," alisema akinyoosha kola, maana enzi zile hapakuwa na mabwana tena. Sote tulikuwa citoyen, yaani raia, pamoja na wezi. "Miye natoka Kinshasa, kwa televizio. Tunatafuta jamaa moja ya wageni yenye kuwa na duka, tutengeneze mchezo ya kuchekesha. Kila juma, Zaïre muzima itaangalia. Na jamaa yenyewe nimeiona. Njo nyinyi."

"Sisi?" Sikuli aliacha sabuni ikadondoka. "Sisi wenye kuitwaka wakuyakuya?"

"Hata wale wenye kuwaita hivyo watawaangalia mpaka macho iume, papa."

Televisheni za Kindu zilihesabika kwa vidole, na nyingi zilionyesha mvua hata wakati wa kiangazi. Hilo halikumsumbua Sikuli. Mtu aliyedharauliwa miaka mingi haulizaulizi anapoambiwa kwamba sasa ataheshimiwa.

Tshimanga akaeleza mpango. Duka litajengwa upya huko Kinshasa, ndani ya studio, kila sufuria mahali pake. Kwa hiyo bidhaa zitatangulia kwa treni, yeye akizisindikiza mwenyewe, na familia itafuata kwa ndege. Kwa ndege! Sikuli alikaa chini.

Kyakimwa alikuwa akipima mchele kwenye mizani. Hakuinua kichwa. "Na mchezo yenyewe inasema nini, papa?"

Swali hilo Tshimanga hakuwa amelitarajia. "Inasema… jamaa ya wageni, mama. Na duka yao."

"Na mwenye kuchekesha ni nani?"

Tshimanga alinyoosha kola tena.

"Basi miye nitakuambia," alisema Kyakimwa. "Kwa kila jamaa yenye kuhama, iko shemeji mmoja. Anavaa muzuri, anajua wakubwa wote wa Kinshasa, na kila siku anatafuta namna ya kubeba duka. Njo huyo anachekeshaka watu."

Sikuli alicheka hadi akashika mbavu. "Ni kweli kabisa! Lakini nani ataweza kucheza muntu wa namna hiyo?"

Hapo ndipo mkewe alipoinua macho kwa mara ya kwanza. "Papa Tshimanga atatuonyesha. Yeye njo muntu wa televizio."

Angekataa vipi? Mtu wa televisheni asiyeweza kuigiza ni sawa na padri asiyejua sala. Alasiri hiyo hiyo mazoezi yakaanza mbele ya duka, treni ikisubiriwa.

Sasa, wanunuzi wa Kindu wana desturi yao: ukinunua kitu, unadai matabishi, kijiko cha chumvi cha ziada au kipande cha sabuni, na muuzaji akikunyima utamtangaza mtaa mzima. Kyakimwa akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo matabishi ni kiti. Ukinunua sabuni, unakaa nyuma. Ukinunua kitenge, unakaa mbele, na mama mkwe wako pia.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Shemeji anaingia na abakosti yake, anawasifu wenyeji, anasema duka linatakiwa na wakubwa wa Kinshasa, anapakia kila kitu kwenye mkokoteni na kuanza kuusukuma. Hapo watazamaji wote wanasimama, wanaupokonya na kuurudisha dukani kwa nyimbo. Sehemu hiyo hawakuiacha impite hata mmoja wao. Mafundi wa reli walikuja wakitoka kazini. Wauguzi walikuja. Wale wale waliokuwa wakimwita Sikuli mkuyakuya sasa waligombania kukaa karibu naye.

Na lazima tumtendee haki Tshimanga: alikuwa bingwa. Maneno aliyoyanoa miaka yote kwa kuwahadaa wajane na makarani sasa yalipigiwa makofi. Watoto walimfuata hadi mtoni wakiita "Shemeji! Shemeji!" Angepaswa kuogopa. Badala yake alifurahi, akaanza kuongeza vibwagizo.

Hatimaye, baada ya siku nyingi, treni ikapiga honi. Tshimanga akazinduka. Sikuli alipakia kila kitu kilichobaki, na bado kilikuwa kingi, huku machozi ya furaha yakimlenga. Kyakimwa alizikaza kamba kwa mikono yake. Kisha akafuata nyuma ya mkokoteni, kwa sababu kwao, alisema, mali haiendi safari bila mtu wa nyumba nyuma yake. Tshimanga hakujali. Mwanamke mmoja angemshinda nini penye msukosuko wa stesheni?

Mlangoni pa stesheni alisimama Kabasele, karani wa mizigo, ambaye hakuwahi kukosa onyesho.

"Citoyen, pakia hivi vitu upesi," alisema Tshimanga. "Vinaenda Kinshasa. Wakubwa wanavingojea."

Kabasele alimtazama, akautazama mkokoteni, akaangua kicheko. "Bandugu, kuyeni! Shemeji amebeba duka mpaka hapa!"

Walikuja: wapagazi, abiria, wauza ndizi, hata dereva wa treni.

"Apana, apana, leo haiko mchezo!" alipiga kelele Tshimanga. "Iko kweli!"

"Iko kweli, anasema!" Mama mmoja alilazimika kuegemea ukuta.

Mikono ilikuwa imeshaushika mkokoteni. Wimbo ukaanza. Mkokoteni ukageuzwa kuelekea Mikelenge, na Tshimanga, aliyeng'ang'ania kamba, akaburutwa nao. Aliona chumvi yake, vitenge vyake na maisha yake mapya yakirudi dukani, na roho ikamuuma kiasi kwamba akafanya jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya.

"Sikieni!" alilia. "Miye ni mwizi! Sijafika hata siku moja kwa televizio! Nilitaka kuiba duka ya hawa watu, niibebe, niuze, nisionekane tena!"

Umati ulilipuka kwa kicheko. Kabasele alikaa chini mavumbini akijifuta macho. Wapagazi walimbeba Tshimanga juu juu, na nyuma yao treni ikaondoka bila yeye.

Mbele ya duka walimshusha. Sikuli alikuwa akipeana mikono na kila mtu, akiamini lilikuwa zoezi la mwisho. Kyakimwa alimvuta Tshimanga pembeni, akaongea polepole.

"Siku ya kwanza uliangalia magunia, uliangalia vitenge. Haukuuliza hata kama tunajua kucheza. Muntu wa televizio hatafutake wachezaji?"

Tshimanga alijipangusa vumbi kwenye abakosti. Kilichobaki kwake kilikuwa uso ambao Kindu nzima iliujua.

"Lakini ile maneno ya mwisho, ya kusema weye ni mwizi," aliendelea Kyakimwa, akifungua kamba za kwanza, "ile ni tamu sana. Kesho utaisema tena. Na chakula ya mangaribi itakuwa kwetu."

Tshimanga aliwatazama watu waliokuwa tayari wakigombania viti.

"Saa ngapi?" aliuliza.