Diwani Anacheua

Minjila, Jumatatu, 3 Novemba

Mama Batula amekwenda Hola kumwona mjukuu. Paka wake, Diwani, ameniachia mimi! Si Nuh wa nyumba ya pili, anayemtaka Muna, binti wa Mama Batula, kama ninavyomtaka mimi. Mama amesema wazi: akimkuta paka mzima, Ijumaa wazee wangu waje kuleta posa. Nimeapa. Jioni nimempa Diwani bakuli zima la kambare. Amelimaliza hata sijanyoosha mgongo. Kisha akatoa yote juu ya kiatu changu. Vipande vizima vizima! Ajabu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefikiri sana. Sisi tumekulia kati ya ng'ombe, mambo ya tumbo tunayajua. Ng'ombe humeza haraka, halafu hurudisha na kutafuna upya. Na Diwani asubuhi katapika, kanusa, kaanza kuyala tena. Anacheua! Nimekaa naye mkekani nikingoja taya ziende huku na huku. Baba, Mzee Halkano, akapita akauliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akanitazama, akasema labda posa ingoje mpaka akili zinirudie. Natumaini ni utani.

Jumatano, 5 Novemba

Taya hazikwenda popote. Leo katapika hata maziwa, tena ya ng'ombe wetu bora. Huku ni kuutukana ukoo! Lakini hofu imeniingia kweli. Paka huyu akifa, Muna nimemkosa.

Nimemtia kikapuni hadi Garsen kwa Dinah, daktari wa mifugo. Akamminya tumbo, akamwangalia ufizi, akauliza kama anachangamka. Anachangamka. Kama anakula kwa pupa? Nikajibu kwa fahari kwamba anakula kama mwanamume. Akacheka. Akasema nimpe kidogo kidogo, mara nyingi. Akiendelea kutapika, au akikataa chakula, nimrudishe upesi. Basi! Nimefuata dawa, nimepewa adabu za kula. Sina haja nazo.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa. Bakuli limevunjika. Nimelikanyaga nikimfukuza jogoo wa Nuh, ambaye kumbe kila siku hujipenyeza na kudonoa chakula cha Diwani! Ndiyo maana maskini anameza mbio. Nimemwambia Nuh amfunge jogoo wake. Amenijibu nianze kujifunga mimi.

Sikuwa na chombo kingine ila sinia la marehemu bibi, lile jeupe lenye maua mekundu. Nikatawanya samaki humo. Diwani akazunguka, akaokota kipande hapa, akapumzika, kipande kule. Nikasubiri na tambara mkononi. Wapi! Jioni tena, wapi! Nimeng'amua: ni sinia. Alaye kwenye sinia hatapiki. Na Dinah pamoja na kusoma kwake kote hakulitaja.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama Batula amerudi. Diwani kamkimbilia, manyoya yanang'aa. Mama karibu alie kwa furaha. Mimi pia.

Baada ya swala tukakaribishwa, mimi na wazee wangu. Nuh naye kajialika. Ikaletwa pilau ya mbuzi. Kwenye sinia! Moyo ukatulia. Nyama iko katikati, Nuh ana mkono mwepesi, nami sina sababu ya kuogopa. Nikameza bila kutafuna. Baba akanikanyaga mguu. Nikaongeza kasi. Mfupa wa mwisho wenye nyama niliupata mimi!

Baba akakohoa, akafungua mdomo kutamka posa. Nami nikafungua wangu. Yote, juu ya mkeka mpya wa Mama Batula. Diwani akaja, akanusa, akaanza kula. Polepole, punje moja moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Aibu hii sitaisahau. Mama Batula amesema posa ingoje: paka amepona, sasa anayeugua ni mkwe. Muna kanitumia ujumbe kwamba bado ananitaka, ila nijifunze kula taratibu. Baba naye hayo hayo. Pupa, pupa! Hakuna anayechunguza mambo.

Mimi nimechunguza. Nimepita kwa Mama Batula kuomba radhi, nikaliona sinia lake limeanikwa uani. Ni la alumini tupu. Halina hata ua moja! Wakituita tena, nakwenda na la bibi kwapani, na huyo Nuh ataniona.