Siku Linux Ilipopata Sauti Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha mpaka nimehama nyumba kwa muda.

Mnajua ile kompyuta yangu mzee, ile nilinunua kwa ofisi moja hapa Machakos wakibadilisha mashine. Wiki nzima Kioko, rafiki yangu wa Syokimau, amekuwa akiniambia naweza kuweka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows, zote mbili kwa diski moja, na kila nikiwasha niulizwe nataka gani. Jana sikulala. (Nililala kidogo.)

Asubuhi nikaingiza sidii ya Linux. Mke wangu Ndinda akasimama mlangoni.

"Picha za ubatizo wa Mumo ziko humo," akasema. "Zikipotea, na wewe upotee."

Nikagawa diski. Windows nikaiachia nusu, Linux nikaipa nusu. Mashine ikanguruma kama kinu cha posho. Nikaiwasha upya. Skrini nyeusi, halafu majina mawili, moja juu ya lingine, yakingoja nichague. Wapendwa, niliruka. Nikaingia Windows: picha ziko, mtoto analia kwa maji vile vile. Nikatoka, nikaingia Linux: inafanya kazi. Nikambusu Ndinda, nikabusu na kompyuta.

Shida ikabaki moja. Linux haikuwa na sauti. Nikaiunganisha na zile spika kubwa za redio, nikafungulia sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikachukua maikrofoni, nikajirekodi, nikacheza. Kimya.

Hapo ndipo mama mkwe akafika kutoka Katangi. Nyinyi ambao si Wakamba, jueni kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Nikamsalimu nikiangalia sakafu, nikarudi chumbani kwa mashine yangu. Akina mama wawili wa kanisa wakaja kumwamkia.

Nikajirekodi tena, nikisema chochote kilichokuwa kwa roho. (Si ndivyo watu hufanya wakijaribu maikrofoni?) Nikaiweka ijirudie. Kimya. Nikampigia Kioko simu.

"Umeangalia kama sauti imezimwa?"

"Imezimwa wapi?"

"Kuna alama ndogo pale pa kuongeza sauti. Itoe."

Nikaitoa.

Sauti yangu ikalipuka kama ya mhubiri wa sokoni: "MOJA MBILI, MOJA MBILI. MAMA MKWE AMEKUJA NA BEGI KUBWA. BEGI KUBWA SANA. HUYU ATAKAA HAPA MPAKA MVUA IJE."

Ikajirudia. Nikatafuta ile alama, mshale ukanikimbia. Nikachomoa waya. Ulikuwa wa pasi. Nilipopata ule wa spika, hata jirani alikuwa ameshajua ukubwa wa begi.

Halafu nikamsikia mama mkwe kule sebuleni, polepole, bila hasira hata kidogo:

"Ndinda, mwambie baba Mumo hiyo begi ni ya ndengu za shamba nimewaletea. Mimi narudi leo jioni."

Mmoja wa wale akina mama akaanza kukohoa, ile kukohoa ya mtu anayezuia kicheko.

Nimetokea mlango wa jikoni nikisema naenda kununua maziwa. Sasa niko saiba mjini, nalipia intaneti kwa dakika, maziwa iko hapa magotini. Mwenye kujua njia ya kurudi nyumbani aniandikie haraka. Maswali ya Linux nitauliza kesho.